Corvette ya 1968 hadi 1982: Mwongozo Kamili wa Kuitafuta, Kuikagua, Kuinunua na Kuitunza

Corvette yangu ya kwanza, ya 1973, niliinunua kwa sababu ya rangi. Ilikuwa nyekundu, imepigwa rangi upya wiki chache tu nyuma, na muuzaji akaniambia maneno ambayo kila mnunuzi mpya huambiwa: bodi ni ya faibaglasi, kutu utaitoa wapi? Miezi minne baadaye fundi alitoa kioo cha mbele abadilishe mpira wake, akaniita. Akachukua bisibisi, akaigusisha kwenye pembe ya chini ya fremu ya kioo, upande wa dereva, akasukuma taratibu. Ikazama mpaka kwenye mpini, na vumbi la kahawia likamwagika juu ya dashibodi. Chini ya faibaglasi ile ya kung'aa kulikuwa na mifupa ya chuma, na mifupa ilikuwa imeoza.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia pale nilipoumia. Nazungumzia Corvette, gari la michezo la Chevrolet, ya kizazi cha tatu, modeli za 1968 hadi 1982, kwa kuwa ndiyo Corvette ya zamani ambayo mtu wa kipato cha kawaida anayeishi Marekani anaweza kuifikia, na ndiyo niliyoifungua kwa mikono yangu. Sting Ray, yaani Corvette za kizazi cha pili za 1963 hadi 1967, ni nzuri mno, lakini bei zake zimeshakwenda mbali, na aliyekosea kwenye gari la bei ile hukosea pakubwa.

Hatua ya kwanza: tafuta watu kabla ya gari

Usianze na matangazo ya mauzo. Tafuta klabu ya Corvette iliyo karibu nawe, uhudhurie mara tatu au nne ukiwa mikono mitupu. Miji mingi ya Marekani ina klabu ya namna hii, na nyingi hukutana Jumamosi asubuhi kwenye maegesho ya mgahawa, maboneti yote wazi. Hakuna anayekuuliza umekuja na gari gani. Uliza swali moja la kweli, kwa mfano "hii breki uliitengeneza vipi?", na mzee wa watu atakueleza kwa nusu saa huku akikuonyesha.

Faida yake si urafiki tu, ingawa urafiki upo. Magari mengi mazuri hayafiki sokoni kabisa. Mwenye nalo anazeeka, magoti hayamruhusu tena kuingia kwenye kiti kile cha chini, naye anamwambia mwenzake wa klabu kwamba angependa lipate mtu atakayelipenda. Corvette yangu ya sasa, ya 1971, niliipata hivyo. Mwenyewe alikuwa ameiweka miaka 27, na risiti zake zote zimo kwenye boksi la viatu, hadi ya mkanda wa feni.

Jiunge pia na NCRS, chama cha kitaifa cha warejeshaji wa Corvette kilichoanzishwa mwaka 1974. Hawa ndio wanaojua boliti gani ilikuwa na alama gani kichwani mwezi gani. Wanachapisha vitabu vya kukagulia kila kundi la miaka, na kwa ada hutoa ripoti inayoonyesha gari lilipelekwa kwa muuzaji yupi lilipotoka kiwandani. Mwezi Agosti nenda Carlisle, Pennsylvania, kwenye mkusanyiko mkubwa wa Corvette: siku moja pale utaona rangi zote, injini zote na vipuri ambavyo picha haiwezi kukufundisha. Na ukipata nafasi nenda Bowling Green, Kentucky. Corvette zote zimeundwa mji huo tangu katikati ya 1981, na makumbusho yake, yaliyofunguliwa 1994, yako jirani na kiwanda. Februari 2014 ardhi ilititia chini ya ukumbi mmoja wa makumbusho hayo, Corvette nane zikatumbukia shimoni. Kwa sisi kuna jambo jingine la kutufurahisha pale: Bowling Green imewapokea wakimbizi wengi, wakiwemo ndugu zetu Wakongo, na Kiswahili unakisikia madukani.

Majivu ya mhandisi Zora Arkus-Duntov yamehifadhiwa katika makumbusho hayo. Alizaliwa Brussels kwa wazazi Warusi, akaja Marekani kwa kukimbia vita, na mwaka 1953 alipoiona Corvette ya kwanza kwenye maonyesho New York aliwaandikia General Motors, kampuni mama ya Chevrolet, kuomba kazi. Ndiye aliyeigeuza kutoka gari la kupendeza macho kuwa gari la mbio. Mhamiaji huyo huwa namkumbuka kila ninapopishana na Corvette nyingine barabarani, maana wenye magari haya wana desturi ya kupungiana mkono. Mara ya kwanza kupungiwa nilikuwa na mwaka mmoja na nusu nchini, sijuani na mtu, na mzee mmoja kwenye Corvette nyeupe akainua mkono kutoka kwenye usukani kana kwamba tulilelewa nyumba moja. Nilifika nyumbani bado natabasamu.

Hatua ya pili: chagua mwaka

Kwa macho, kizazi hiki kina sura tatu. Za 1968 hadi 1972 zina bampa za kromu mbele na nyuma. Ya 1973 ina pua laini ya plastiki mbele na kromu nyuma, mwaka huo mmoja tu. Kuanzia 1974 kromu haipo kabisa, kwa sababu serikali ilitaka bampa zinazohimili kugongwa kwa mwendo mdogo. Mwaka 1978 kioo cha nyuma kilibadilika, kikawa kikubwa cha kuteremka hadi mkiani.

Kwa nguvu, usidanganywe na namba tupu. Injini ya kawaida ya inchi za ujazo 350 iliandikwa hosipawa 300 mwaka 1970, 270 mwaka 1971, na 200 mwaka 1972. Sehemu ya anguko hilo ni ya kweli: mwaka 1971 mgandamizo wa injini ulipunguzwa ili zitumie petroli isiyo na risasi. Lakini kati ya 1971 na 1972 kilichobadilika zaidi ni kipimo. Zamani injini ilipimwa peke yake juu ya stendi, bila ekzosi ya gari wala vifaa vinavyoinyonya nguvu. Kuanzia 1972 ikapimwa kama inavyokaa ndani ya gari. Kwa hiyo ya 1972 ukiiendesha utashangaa, haipishani sana na ya mwaka uliotangulia. Ya 1975, yenye hosipawa 165, hiyo kweli imepungua.

Ukitaka ya turubai la kukunja, mwisho ni 1975. Haikurudi hadi 1986. Ukitaka giaboksi ya kuingiza gia kwa mkono, epuka 1982, kwani mwaka huo zote zilikuwa za otomatiki. Ukitaka urahisi wa vipuri na bei nafuu, tazama 1976 hadi 1979. Mwaka 1979 peke yake zilitoka 53,807, idadi ambayo Corvette haijawahi kuifikia mwaka mwingine wowote, na gari zuri la kuendesha la miaka hiyo bado hupatikana kwa chini ya dola 20,000.

Ushauri wangu kwa anayeanza: chukua ya 1969 hadi 1972 yenye injini ya 350 kama mfuko unaruhusu, la sivyo ya 1977 au 1978. Iache ya 1968 kwanza. Ni nzuri, lakini vipuri vyake vingi vilitumika mwaka huo mmoja tu, na kuvitafuta kutakuchosha kabla hujaionja raha ya gari lenyewe. Ya 1969 ina mvuto wake wa pekee: wanaanga watatu wa Apollo 12, Pete Conrad, Dick Gordon na Alan Bean, kila mmoja alikuwa na yake, zote za rangi ya dhahabu na nyeusi. Na ukiona tangazo la "L88 ya 1969", yaani yenye injini adimu ya mbio, kwa bei ya kukuvutia, kumbuka zilitoka 116 tu. Nyingine zote zinazojiita hivyo zimegeuzwa baadaye.

Hatua ya tatu: soma namba

Bei ya gari hili hutegemea sana kama injini iliyomo ndiyo iliyotoka nayo kiwandani. Wenyewe husema "namba zinalingana", na wauzaji hulitumia neno hilo kirahisi mno. Usilikubali. Soma mwenyewe.

Anza na namba ya chesisi, inayoonekana kupitia kioo cha mbele kwenye nguzo ya upande wa dereva. Magari ya kabla ya 1981 yana tarakimu na herufi 13, si 17, kwa hiyo zile ripoti za historia ya gari za mtandaoni hazitakusaidia sana. Chukua mfano wa ya 1969 inayoanza 194379S7: 1 ni Chevrolet, 94 ni Corvette, 37 ni yenye paa (ya turubai ingekuwa 67), 9 ni mwaka, S ni kiwanda cha St. Louis, kisha inafuata namba ya mfuatano wa uzalishaji.

Sasa fungua boneti. Mbele ya silinda hedi ya upande wa abiria, bloku ya injini ina sehemu ndogo bapa, upana wake kama vidole viwili. Ifute kwa kitambaa chenye dawa ya kusafishia breki. Kitambaa tu! Usitumie brashi ya waya wala msasa, nitakueleza kwa nini. Utaona mistari miwili ya maandishi. Mmoja unaonyesha kiwanda cha injini, mwezi na siku, na aina yake: V0212 na herufi mbili, yaani Flint, Februari 12. Injini kubwa zilitoka Tonawanda, nazo huanza na T. Mstari mwingine una sehemu ya namba ya chesisi, kwa mfano 19S7 na tarakimu zake za mwisho. Tarakimu hizo zikilingana na za kwenye nguzo, vizuri, lakini bado hujamaliza.

Ni rahisi kusaga sehemu ile na kugonga namba mpya, na watu wamefanya hivyo kwa miaka mingi. Ndiyo maana unatazama uso wa chuma chenyewe. Kiwandani uso ule ulilainishwa kwa mashine iliyoacha mistari myembamba sana, iliyonyooka sambamba kutoka mbele kwenda nyuma. Washa tochi, ilaze pembeni karibu kabisa na chuma, mistari itajitokeza kama nyuzi za kitambaa. Ukiona uso laini kama kioo, au mikwaruzo ya mviringo, shaka ni halali. Msasa wa mtu asiyejua nao hufuta mistari hiyo, na gari halali likapoteza ushahidi wake.

Mwisho, tarehe ya kusubu bloku, iliyochomoza kwenye chuma upande wa nyuma wa injini. Herufi ni mwezi: A ni Januari, B Februari, na kuendelea hadi L ambayo ni Desemba. A 28 9 ni Januari 28, 1969. Mpangilio lazima uingie akilini: bloku ilisubiwa, injini ikaunganishwa baada ya siku au wiki chache, gari likakamilika baadaye. Bloku iliyosubiwa Aprili haiwezi kuwa ndani ya gari lililotoka Machi.

Muulize pia muuzaji kama karatasi ya tangi ipo. Kiwandani waligundisha karatasi ya maelezo ya gari juu ya tangi la mafuta, yenye orodha ya vyote vilivyoagizwa. Ikisalimika na kusomeka, ni ushahidi wa thamani kubwa. Wakati mwingine ipo na mwenye gari hajui.

Hatua ya nne: tafuta kutu ilipojificha

Beba tochi kali, kioo kidogo chenye mpini, bisibisi bapa, jeki, stendi mbili na mkeka wa kulalia. Sumaku iache nyumbani. Kwenye magari ya bati huonyesha palipopakwa pati, lakini faibaglasi haishiki sumaku popote, nzima wala iliyotengenezwa.

Kuna fremu ya chuma inayozunguka kioo cha mbele, nguzo za milango na sehemu ya nyuma ya viti. Wapenzi wa gari hili huiita kizimba cha ndege. Ndiyo iliyooza kwenye gari langu. Maji hupenya kwenye mpira wa kioo, hutuama kwenye pembe za chini, kisha huteremka ndani ya nguzo. Kukitengeneza kizimba hicho kwa haki mara nyingi hulazimu bodi nzima inyanyuliwe kutoka kwenye chesisi, na gharama inaweza kuipita bei ya gari. Kwa hiyo hapa usione haya, chukua muda wako.

Omba ruhusa ya kutoa vipande viwili vya pembeni pale dereva na abiria wanapoweka miguu. Ni skrubu chache. Nyuma yake utaiona sehemu ya chini ya nguzo ya bawaba. Chuma chenye kutu ya juu juu, ya kufutika kwa kidole, ni cha kawaida kwa umri huu. Chuma kinachobanduka magamba kama ganda la mti, hicho kimekwenda. Pitisha mkono chini ya kapeti: unyevu au harufu ya uvundo ni dalili. Kisha tazama pembe za kioo cha mbele. Rangi ikifura kandokando ya urembo wa kioo, ujue chini yake kuna jambo. Muuzaji akikataa kabisa skrubu hizo zisiguswe, mshukuru kwa muda wake, uondoke.

Halafu ingia chini. Gari likae juu ya stendi, kamwe usiamini jeki peke yake. Fuata reli za chesisi kuelekea nyuma hadi zinapopinda kupanda juu, mbele kidogo ya magurudumu ya nyuma. Pindo hilo hushika matope na chumvi ya barabarani, huoza kutoka ndani kuja nje. Gonga kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima hulia "ting". Kilichooza hujibu kwa sauti mfu, kama kugonga kadibodi. Gonga pale palipo pazuri kwanza ili sikio lako lipate cha kulinganisha. Angalia pia mahali bodi inapokalia chesisi, na stendi ya rejeta mbele.

Magari yaliyoishi Arizona, New Mexico au California ya ndani huwa na chuma safi, mpira na viti vikiwa vimekauka kwa jua. Ya Ohio, Michigan na majimbo mengine yanayomwaga chumvi wakati wa theluji ni kinyume chake. Viti unaweza kushona upya. Nunua chuma.

Faibaglasi nayo ikaguliwe, ila kwa ndani. Ingiza kichwa chini ya fenda na upapase. Vipande vya kiwandani vilibanwa kwenye kalibu, kwa hiyo ni laini pande zote mbili. Kipande cha kubandika cha baadaye mara nyingi kina uso mkwaruzo, nyuzi zinaonekana. Ukikikuta, uliza gari liligongwa lini, na umtazame anayekujibu.

Hatua ya tano: liwashe, uliendeshe

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika gusa injini. Ikiwa ya moto, uliza sababu. Injini baridi ndiyo husema kweli, moshi wa bluu wakati wa kuwaka na kugongagonga kwa valvu husikika sekunde chache tu za mwanzo.

Washa taa za mbele. Kwenye gari hili taa hujificha ndani ya boneti na kuinuliwa kwa nguvu ya mvuto wa hewa kutoka kwenye injini, kupitia mipira midogo iliyotandazwa mbele kote. Ziinuke pamoja na kwa haraka. Moja ikichelewa, au ikiinuka nusu kama mtu mwenye usingizi, kuna mpira unaovuja. Si ugonjwa wa kukimbia, lakini ni wikendi nzima ya kazi, na ni hoja ya kupunguza bei.

Barabarani, kanyaga breki kwa uthabiti ukiwa mwendo wa wastani. Pedali inayozama inaashiria hewa au kuvuja. Inayotetema inaashiria diski zisizokaa sawa. Rudi, inua nyuma, shika gurudumu juu na chini ulitikise. Beringi za nyuma za gari hili ni kazi ya fundi mwenye vifaa maalumu, na mchezo unaousikia mkononi ni pesa. Usukani ukiwa na ulegevu kidogo usishtuke, ndivyo yalivyo mengi. Kinachotakiwa ni gari lisikuvute upande.

Bei, karatasi na bima

Kampuni ya Hagerty huchapisha makadirio ya bei kwa madaraja manne: la 1 ni gari la maonyesho ya juu kabisa, la 4 ni linalotembea lakini lina kasoro za wazi. Karibu kila muuzaji huamini lake ni la 2. Ukweli ni kwamba mengi ni la 3, na hilo ni gari zuri la kufurahia. Mnadani kumbuka ada ya mnunuzi, ambayo mara nyingi ni asilimia 10 juu ya bei ya nyundo. Kwa gari la kwanza sikushauri mnada wa ukumbini kabisa: huendeshi, huingii chini, na damu inachemka.

Hati ya umiliki iwe na jina la anayekuuzia, na namba yake ilingane na ya kwenye nguzo herufi kwa herufi. Jimbo kama Ohio linataka sahihi ya muuzaji ithibitishwe mbele ya notari, kwa hiyo kutaneni benki, mmalize yote pale.

Bima ichukue ya thamani mliyokubaliana na kampuni ya bima, si ya kawaida ya gari kuukuu.

Kazi za kwanza ukishalifikisha nyumbani

Anza na breki. Kila gurudumu lina kalipa ya pistoni nne, jumla 16, na za asili zilikuwa za chuma kinachoshika kutu ndani. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, gari likikaa kutu hutafuna silinda, na mafuta huanza kuvuja hata kama juzi ulibadilisha mipira. Dawa ni kalipa ambazo silinda zake zimevalishwa bomba jembamba la chuma cha pua kwa ndani. Ukishaziweka, badilisha mafuta ya breki kila baada ya miaka miwili.

Pili, mipira yote ya petroli. Petroli ya sasa ya Marekani ina ethanoli, nayo hulainisha mipira ya zamani hadi inapasuka. Faibaglasi ikishika moto haizimiki kirahisi. Weka mipira mipya inayostahimili ethanoli, na kizimamoto kiwe ndani ya gari, mahali mkono unapofika ukiwa umeketi.

Tairi zisome tarehe. Mwisho wa namba ya DOT, iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, pana tarakimu nne: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi yenye miaka zaidi ya kumi itupe hata kama meno yake yote yapo.

Oili nayo ni muhimu. Kemshafti za injini hizi husuguana moja kwa moja na vyuma bapa vya kusukumia valvu, na oili nyingi za kisasa zimepunguzwa zinki iliyokuwa ikivilinda. Nunua iliyoandikwa kwa ajili ya injini za zamani.

Vyote ulivyovua, hata kilichovunjika, weka kwenye boksi na uandike jina na tarehe. Atakayelipata gari baada yako atakuombea heri.

Ukitaka lihukumiwe

Kwenye mashindano ya NCRS hawatafuti gari zuri kuliko mengine. Wanatafuta lililo sawa na lilivyotoka kiwandani siku ile, pamoja na kasoro zake. Kuna alama 4,500, na anayepata asilimia 94 au zaidi hupewa tuzo ya juu, Top Flight. Mtu hupiga rangi laini kama maji akakatwa alama, kwa kuwa ya kiwandani ilikuwa na vinundu vidogo kama ngozi ya chungwa. Waamuzi ni wanachama wa kujitolea, watapiga magoti na tochi kwa saa kadhaa, kisha watakupa karatasi inayoeleza kila alama uliyopoteza. Hata kama hutaki tuzo, ingiza gari mara moja kwa ajili ya karatasi hizo. Bora zaidi, omba kuwa msaidizi wa waamuzi. Nilijifunza zaidi siku moja nikiwashikia ubao wa kuandikia kuliko mwaka mzima wa kusoma.

Je, nitalipeleka nyumbani?

Swali hili naulizwa na kila Mtanzania na Mkenya anayeliona. Usukani wake uko kushoto. Kenya hairuhusu kwa kawaida gari lililotumika linalozidi miaka minane, na hutaka usukani wa kulia. Kwa Congo, Rwanda, Burundi, na pia Oman na Emirati, upande wa usukani si kikwazo, maana huko huendesha kulia. Kokote uendako, muulize wakala wa forodha wa bandari husika kwa maandishi kabla hujalipia meli. Mimi langu nimeamua libaki huku huku kwenye vipuri vyake na watu wake.

Kulilaza wakati wa baridi

Mwezi Novemba jaza tangi pomoni, tia dawa ya kuzuia petroli isiharibike, uendeshe dakika 20 ili dawa ifike kwenye kabureta. Badilisha oili kabla ya kulilaza, si baada. Ongeza upepo wa tairi kidogo. Usivute breki ya mkono, viatu vyake vitagandana na diski za nyuma. Weka vigingi kwenye magurudumu. Unganisha betri na chaja ndogo inayojizima yenyewe. Funika kwa kitambaa kinachopumua, kamwe si nailoni. Panya wa huku hupenda kujenga viota kwenye ekzosi na kwenye chombo cha kuchujia hewa, kwa hiyo ziba kote kwa matambara, na kwenye usukani ufunge karatasi nyekundu yenye orodha ya kila ulichoziba.

Katikati ya baridi usiliwashe dakika tano "lipate joto": huo ni mvuke wa maji tu unaoachwa ndani ya injini na ekzosi. Liache lilale. Machi ikifika na mvua ikiwa imeosha chumvi barabarani, soma ile karatasi, toa matambara yote mpaka la mwisho, kagua mafuta ya breki, kanyaga pedali mara tatu, ndipo uguse ufunguo.